Nilimpiga Ndugu Yangu kwa Maombi

Nimekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini na minne. Kabla ya hapo nilikuwa shemasi, na kabla ya ushemasi nilikuwa mtu wa kufagia kanisa na kupanga viti. Nasema hivi ili mtu asifikiri kwamba nilipofanya nitakayoeleza nilikuwa nimeokoka juzi. Niliokoka nikiwa kijana, nikaacha pombe siku hiyo hiyo na sijaionja tena. Sijaoa mke wa pili. Sijamsogezea mtu mpaka. Na pamoja na hayo yote nilimpoteza ndugu yangu, tumbo moja, na nilimpotezea kanisani, Jumapili asubuhi, nikiwa nimesimama mbele na suti yangu.

Shule nilitoka darasa la tatu. Baba alikufa mimi nikichunga mbuzi, ndugu yangu akiwa bado mgongoni mwa mama. Mtu wa kufanya kazi nyumbani nikawa mimi. Nilichimba mitaro ya watu kutoka Kathonzweni mpaka Kalamba, ile ya fanya juu, ambayo unachimba mfereji kwenye mteremko na udongo wote unautupa upande wa juu ili ukae kama ukuta. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Udongo ukiutupa chini ni rahisi, lakini mvua ya kwanza inaondoka nao. Nilichimba hivyo ndiyo ndugu yangu akae darasani, na alikaa mpaka kidato cha pili.

Baadaye nilinunua shamba langu, mteremko wa mawe na miiba ambao watu walinicheka nikiulipia. Leo una machungwa, na waliocheka wanakuja kuomba miche. Nusu ya chini nilimpa ndugu yangu alipooa. Nilimpa bure. Hilo neno bure nililirudia mbele ya watu mara nyingi kuliko inavyofaa, na yeye alikuwa akitabasamu tu kila nikilisema.

Yeye alifundisha watoto kanisani. Alikuwa na desturi yake ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa nayo. Kila mtoto, katikati ya wiki, alitakiwa amwendee mtu mmoja na kumwambia kosa moja alilomfanyia, hata kama ni dogo namna gani, halafu Jumapili aeleze alivyofanya. Ungesikia mtoto anasema, "Nilimwambia nyanya mimi ndiye nilikula sukari." Mwingine, "Nilimwambia dada nilimcheka akianguka." Mimi niliona ni mchezo. Siku moja tukitoka ibadani nikamwambia:

"Hawa watoto unawafanya waombe msamaha kama kuku wanaodonoa. Mtoto wa miaka minane amemkosea nani?"

"Kaka, akishindwa kusema nimekosa kwa kikombe, atasemaje siku ya kitu kikubwa?"

"Haya, mwalimu."

Nilimwita mwalimu kwa kumdharau. Alijua.

Mwaka ule niliamua kuchimba silanga juu ya shamba, bwawa la udongo la kukusanya maji ya barabara. Kwetu maji ya mvua yakishuka barabarani ni mali. Kila mtu anafungua mfereji ayaingize kwake kabla hayajaenda mtoni bure. Lakini silanga lazima iwe na mahali pa kutapikia ikijaa, na hapo ndipo kazi ilipo. Afisa wa kilimo alikuja na kamba yake yenye kipimo katikati, akapima, akapiga vigingi upande wa korongo. Upande huo una mwamba. Upande wa pili udongo ni laini kama unga, ila upande huo unateremka moja kwa moja mpaka kwa ndugu yangu.

Afisa alipoondoka niling'oa vigingi vyake. Nilikuwa nimechoka. Tena sikupenda kijana wa juzi anionyeshe maji yanapoenda, mimi niliyesoma mteremko kwa macho tangu sijaota ndevu.

Ndugu yangu alipanda juu akanikuta nikifungua mdomo wa silanga upande wa udongo laini.

"Kaka, hii ikijaa maji yatakwenda wapi?"

"Yatatulia."

"Yatatulia kwangu."

"Mimi nilichimba mitaro wewe ukiwa unanyonya. Umekuja kunipimia?"

"Sijakuja kupima. Nimekuja kuuliza."

"Umeuliza. Nimejibu."

Alisimama pale kidogo akiangalia jembe langu, kisha akarudi kwake. Hapa ndipo watu husema hawakujua. Mimi nilijua. Niliangalia mteremko, nikaona njia yote ya maji mpaka kwenye mtaro wake wa kwanza, nikaendelea kuchimba.

Mvua ya Novemba ilikuja kwa nguvu siku mbili mfululizo. Asubuhi ya Jumanne nilitoka nikaona silanga imejaa mpaka ukingoni, maji mekundu yanazunguka, nikamwita mke wangu aje aone. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto. Yeye hakuangalia silanga. Aliangalia chini, akashika kichwa.

Mitaro minne ya ndugu yangu ilikuwa imekatika. Ukikatika wa juu, maji yanapata nguvu ya kukata wa pili, na wa pili wa tatu. Ndengu zake, zile choroko za kijani, zilikuwa zimetoa majani mawili mawili, shamba zima, safi. Zilikuwa zimeenda na udongo wake, na mahali zilipokuwa kulibaki changarawe.

Alikuja na jembe. Hakunisalimia. Alipita kando yangu, akaenda upande wa korongo, akaanza kukata ukingo wa silanga, ule udongo niliorundika juu ya mwamba. Ningemzuia kama ningetaka, kwa sababu mimi ni mtu wa nguvu. Sikumzuia. Ukingo ukafunguka, maji yakatoka kwa kishindo yakaingia korongoni, na kwa muda mfupi silanga yangu ya miezi miwili ikabaki tope.

"Sasa tumelingana," akasema. Alikuwa akilia.

"Mungu anakuona."

"Ananiona. Na wewe anakuona."

Akateremka nyumbani kwake.

Kutoka nyumba yangu mpaka yake ni mwendo wa kuita mtu akusikie. Kanisani tunafundishwa, na mimi mwenyewe nimefundisha mara nyingi, kwamba ukikosana na ndugu unamwendea kwanza wewe mwenyewe, ninyi wawili tu, kabla ya kupeleka neno kwa watu. Jumatano sikwenda. Alhamisi niliona moshi wa jikoni kwake, sikwenda. Ijumaa shemeji, mke wake, alipita kwangu kuteka maji, akanisalimia, "Mzee, hujambo," nikaitikia kwa kichwa. Jumamosi nilikaa chini ya paa la ghala nikitengeneza maneno. Niliyapanga vizuri, moja juu ya lingine. Siku hizo zote nilidhani najitayarisha.

Jumapili zamu ya maombi ya kanisa ilikuwa yangu. Nilisimama mbele nikasema tufumbe macho. Kwetu mtu akiomba hakuna anayemkatiza wala kumjibu. Unainamisha kichwa, na kila akimaliza neno unasema amina. Ndugu yangu alikuwa benchi la tatu na watoto wake wa darasa. Nilifungua macho nikahakikisha yupo. Nilihakikisha. Kisha nikaomba.

Nikasema, Bwana, unajua kuna mtu hapa ndani ambaye mkono wake umebomoa kazi ya mtumishi wako. Watu wakasema amina. Nikasema, Bwana, mtu huyo alisomeshwa, akapewa shamba, akainuliwa kutoka mavumbini, na leo amegeuka. Amina. Nikasema, Bwana, wako wanaofundisha watoto wetu asubuhi na mchana wanashika jembe la hasira, uwaguse, Bwana, uwanyenyekeze. Hapo amina zikapungua, kwa sababu watu walikuwa wameshajua ni nani. Lakini sikusikia wingi wala uchache. Nilikuwa nimepata moto. Sauti yangu ilipanda na nikatokwa na machozi. Yalikuwa machozi ya kweli, ndiyo maana yalinidanganya hata mimi.

Nilipomaliza na kufungua macho, yeye alikuwa ameyafungua yake. Alikuwa ananiangalia. Watoto wa darasa lake nao walikuwa wanamwangalia yeye.

Njiani kwenda nyumbani, tulipofika kwa miti ya uzio, mke wangu akanigeukia.

"Leo ulikuwa unaongea na nani?" akaniuliza.

"Na Mungu. Kwani maombi ni kuongea na nani?"

"Nimeuliza tu. Kwa sababu Mungu anajua jina la ndugu yako. Hukuhitaji kumweleza mpaka kidato alichofika."

Nilimwambia wanawake hawaelewi mambo ya uongozi. Akaingia jikoni.

Wiki iliyofuata kamiti ya wazee ilikaa kwa kesi ya ndugu yangu, na mwenyekiti wa kamiti ni mimi. Mama mmoja mzee, mwenzetu katika kamiti, alisema, "Mwenyekiti, si ungetoka nje kidogo? Hii ni kesi yako."

"Hii ni kesi ya kanisa, mama."

"Haya. Lakini silanga ni ya kanisa?"

Watu wakakohoa. Mimi nikaendelea. Tukamwita ndugu yangu, akaingia na kofia mkononi.

"Mnasema nilikata silanga," akasema. "Nilikata. Kuna mtu ataniuliza kwa nini?"

Hakuna aliyeuliza, kwa sababu wote waliniangalia mimi na mimi nilikuwa naandika. Mkono wangu unaandika polepole, kila mtu anajua, na siku hiyo niliandika polepole zaidi. Tukamtenga miezi sita: asishiriki Meza ya Bwana, asifundishe watoto, akae benchi la nyuma. Yeye akasema, "Sawa." Akaweka daftari la majina ya watoto mezani, akalinyoosha pembe iliyokunjika, akatoka.

Alikaa benchi la nyuma Jumapili tatu. Watoto wakawa wanageuka kumwangalia katikati ya ibada, mpaka mama zao wanawapiga kofi dogo. Baada ya hapo hakuja tena. Kiangazi kilipoanza nikasikia kwamba wakwe zake kule Kyuso wamempa mahali pa kulima. Siku ya kuhama, msichana wake mkubwa alikuja mlangoni kwangu. Huyo mtoto nilimbeba mimi kwenda kliniki siku alipoumwa na malaria, mbio mpaka barabarani.

"Baba mkubwa, baba amesema nikuambie tunaenda."

"Mwambie safari njema."

Alisimama pale kama anangoja kitu kingine. Halafu akasema asante, akaondoka. Mpaka leo nasikia asante hiyo.

Baada ya wao kuhama nilijenga silanga upya. Safari hii mdomo niliupeleka upande wa mwamba, palepale kwenye matundu ya vigingi vya afisa. Ilinichukua siku tisa kwa nyundo na mtaimbo. Mwanzoni niliukwepa mwamba huo nikidhani ni kazi ya mwezi. Zilikuwa siku tisa. Siku ya tisa nilikaa juu ya jiwe, mtaimbo mapajani, nikawa siwezi kuinuka.

Hata hivyo sikumfuata. Nataka niseme ukweli huu kwa sababu mtu akisoma atadhani nilivunjika moyo pale pale nikatubu. Nilikaa miaka saba. Niliendelea kuwa mwenyekiti. Nilipatanisha watu wa mipaka, watu wa mbuzi walioingia shamba, mume na mke. Nilikuwa mzuri kwa kesi za wengine, na bado niko mzuri. Mtu akinipigia simu siku za sikukuu akiniuliza ndugu yako yuko wapi, nilisema yuko Kyuso analima, kama vile aliniaga vizuri.

Kilichonifungua ni kesi ya mtungi. Wanawake wawili wa kwaya waligombana kwenye foleni ya maji sokoni. Mmoja alisukuma mtungi wa mwenzake, mwenzake akamwambia maneno mazito mbele ya watu, wakaachana kwa vitisho. Kamiti ikawaita. Nilikuwa nimeshatayarisha la kusema. Wakaingia pamoja, tena mmoja amembebea mwingine mtoto.

"Mzee, hatuna kesi," akasema yule mdogo.

"Aje hamna kesi? Soko lote lilisikia."

"Nilimwendea kwake jana. Nikamwambia mtungi nilisukuma kweli, hilo ni kosa langu. Naye akasema lake. Tukanywa chai."

"Chai yenyewe haikuwa na maziwa," akasema yule mkubwa, "lakini tulikunywa."

Wazee wakacheka. Mimi nikamuuliza mdogo, nikiwa bado na uso wa kesi, "Nani alikuambia uanze na kosa lako na yeye ndiye alikutukana?"

"Mwalimu wetu wa zamani wa Jumapili. Ndugu yako, mzee. Alitufanyisha hiyo kila wiki. Ilikuwa inaniudhi! Siku nyingine nilikuwa nakosea mtu makusudi ndiyo nipate la kueleza." Akacheka. "Sasa inatoka tu yenyewe."

Hakujua ananichoma. Alikuwa mtoto wa benchi la tatu siku ile ya maombi, na pengine alisahau, au alikuwa na adabu ya kujifanya amesahau. Wenzangu walitoka, mimi nikabaki na kufuli la mlango mkononi.

Mimi ni mchimba mitaro. Kama kuna kitu najua duniani ni kwamba mitaro inachimbwa Agosti na Septemba, jua likichoma, ardhi ikiwa ngumu, wakati hakuna wingu na watu wanakuuliza unahangaika na nini. Mvua ikianza huwezi kuchimba. Jembe linaingia kwenye tope na kila unachotupa juu kinateleza chini. Nilijua hivyo kwa udongo, na sikujua kwa moyo wangu mwenyewe. Miaka yangu ya wokovu niliihesabu kama mtu anavyohesabu mifugo jioni. Lakini katika miaka hiyo yote sikuwa nimemwambia mke wangu nimekosa hata mara moja. Sikuwahi kumwachia mtu neno la mwisho. Nilikuwa nafunga na kukesha na kutoa, na kitu kile kimoja kidogo ambacho mtoto wa miaka minane alikuwa akifanyishwa kila wiki, mimi sikuwa nimekifanya. Basi siku ya maji ilipokuja, nilikuwa mtoto mchanga mwenye suti. Ndugu yangu alikasirika siku moja, akakata ukingo, akalia. Mimi nilikasirika siku tano na nikaziita maombi.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu nimekosa. Aliniuliza, "Kwa lipi?" Nikamwambia kwa mengi. Akasema, "Anza na moja." Tulikaa muda mrefu.

Nilikwenda Kyuso Februari. Nilishuka sokoni sijui njia, nikaingia duka la mnunuzi wa ndengu, Mwislamu mmoja mzee mwenye kofia nyeupe, nikamuuliza boma la ndugu yangu. Aliniangalia uso, kisha akasimama.

"Wewe ndiye mkubwa wake! Mnafanana pua. Alhamdulillahi, umepona."

"Nimepona nini?"

"Si ulikuwa mgonjwa? Siku ya ntheo ya msichana wake."

Ntheo ni mbuzi wanaoletwa na watu wa kijana na kuchinjwa nyumbani kwa msichana. Bila ntheo, hata ukifunga harusi ya kanisa, Mkamba hatakuhesabu kwamba umeoa. Na wanapopokewa, baba mkubwa wa msichana ndiye anayekaa mbele. Mtoto niliyembeba alikuwa ameolewa na sikujua.

"Mbuzi walikuja," mzee huyo akasema. "Mimi mwenyewe niliitwa kuchinja mmoja, ili na sisi majirani Waislamu tule. Watu wakauliza, mkubwa wa boma yuko wapi? Akasema, ndugu yangu anaumwa, hawezi safari. Kiti chako kiliwekwa. Mjomba mmoja alitaka kukikalia, ndugu yako akamwambia tafadhali, hicho kina mtu. Kilibaki hivyo mpaka mwisho."

"Alisema nini kingine juu yangu?"

"Kwamba ulimsomesha kwa jembe. Hiyo anaisema kila siku, mpaka tumechoka."

Nilinunua soda nisiyoitaka ili nipate kukaa chini.

Nilimkuta uwanjani kwake akipiga ndengu. Zilikuwa zimeanikwa juu ya turubai, kavu, na yeye anazipiga kwa fimbo ndefu ili maganda yaachie. Nywele zimekuwa nyeupe kuliko zangu.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Nyumbani wazima?"

"Wazima."

Kulikuwa na fimbo nyingine imeegemezwa ukutani. Niliichukua. Tukapiga wawili, yeye akiinua mimi nikishusha, kama tulivyokuwa tukifanya kwa mama. Vumbi lilituingia machoni, tukapiga mpaka turubai likawa kijani.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Wa nini?"

"Wa maji. Nilijua yatakuja kwako."

"Maji nilisamehe. Na mimi nilikata silanga, nisamehe."

"Wa kile kikao."

"Nacho nilisamehe."

Nikaanza kusogeza maganda pembeni kwa mkono. Lilibaki neno moja.

"Sema, kaka," akasema. "Umekuja mbali."

"Wa yale maombi."

Aliweka fimbo chini. Alijipangusa uso kwa kofia, akakaa kwenye ukingo wa turubai, na mimi nikakaa.

"Ungenitukana sokoni ningekujibu," akasema. "Ungenipiga ningekukimbia, si unajua mimi mbio ninazo. Lakini ulingoja nifumbe macho." Hakuwa amekasirika. Alikuwa akieleza kama mtu anayemweleza daktari panapouma. "Nilikuwa nimeinama pale na watoto wangu, nikidhani tuko mbele za Mungu wote, halafu nikasikia ni mimi. Nimekusamehe. Nilikusamehe hata kabla ya kuhama, kwa sababu nilijua nisipokusamehe nitakuwa mtu mbaya. Lakini kitu kimoja hakijarudi. Mtu akisema tuombe, macho yangu yanakataa. Hata kanisa la hapa. Wanafumba wote, mimi naangalia mlango. Nimejaribu. Nikiwa peke yangu kule shambani naomba vizuri tu. Mtu mwingine akiomba, siwezi."

"Na watoto? Hapa unafundisha?"

"Nitafundishaje watoto kuomba na mimi natoa macho?"

Nilikuwa nimekwenda nikiwa tayari kwa matusi. Ningeyabeba. Hata kukataliwa mlangoni ningekubeba, na ningerudi nikiwa na kitu cha kujihurumia. Sikuwa tayari kwa mtu aliyenisamehe na ambaye bado ameharibika mahali nilipompiga. Nilitaka kumshika mkono nikaona mikono yangu imejaa maganda.

"Rudi nyumbani," nikasema. "Shamba lako liko. Mitaro yako niliirudisha yote minne."

"Nilisikia. Asante." Aliangalia ndengu zake. "Lakini hapa ndipo nyumbani sasa, kaka."

Shemeji alituita tukaingia. Alikuwa amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kunde, na kuku juu yake, chakula cha mgeni. Alinawisha mikono yangu kwanza, kisha ya mume wake. Akakaa, akakunja leso, akasema kama wanawake wote wa kanisa wanavyosema mgeni akiwa mzee, "Mzee, tuombee chakula."

Alisema hivyo kwa mazoea, kisha akaona alichosema, akaangalia chini.

"Aombe mwenye nyumba," nikasema.

Ndugu yangu aliniangalia. Alifumba macho. Niliona kope zikishuka, niliona zinatetemeka kama za mtu anayesubiri sindano, na sote tukangoja. Nje kuku walikuwa wamepanda kwenye turubai, wanadonoa ndengu, na hakuna aliyewafukuza. Halafu akayafungua.

"Tule tu," akasema.

Sijawahi kula bila kuombea chakula tangu niokoke. Alichagua paja la kuku, akaliweka kwenye sahani yangu, akaisogeza karibu nami.

"Kula, kaka. Kinapoa."

Nikala.